Daktari wa zamu anajibu: “Ni tumbo tu, mbona mmempima moyo?”

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu idara za dharura, na barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyonayo. Malalamiko yanafanana. Mtu alikwenda na jambo la kawaida, homa, kichwa au tumbo, akaulizwa maswali aliyoona hayahusu, akapimwa vitu asivyovitarajia, kisha akarudishwa nyumbani bila hata jina la ugonjwa.

Nilianza kazi hii Dar es Salaam kabla Hospitali ya Taifa ya Muhimbili haijafungua Idara ya Magonjwa ya Dharura mwaka 2010, na kabla chuo chake hakijaanza, mwaka huohuo, kufundisha madaktari bingwa wa fani hii. Enzi hizo mgonjwa mahututi alipita mapokezi kama wengine wote. Kwa hiyo nayajibu maswali haya kwa moyo wote, na kabla sijaanza naomba mshike jambo moja. Daktari wa dharura haanzi kwa kujiuliza mgonjwa huyu anaumwa nini. Anajiuliza: katika yote yanayoweza kuleta dalili hizi, ni lipi linaloweza kumuua ndani ya saa chache, na nina uhakika gani kwamba silo? Maswali ya dakika za mwanzo na vipimo vyake vinatoka hapo.

Baba ana vidonda vya tumbo, wakambandika nyaya kifuani

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ana kisukari na vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Usiku mmoja chembe cha moyo, hapa juu ya tumbo chini ya kifua, kilimuuma, akatapika mara moja, akalowa jasho. Tulimpa dawa yake ya maji ya vidonda, akapata nafuu kidogo, lakini alfajiri tukaona tumpeleke hospitali. Hatujamaliza hata kujieleza, wakamvua shati na kumbandika nyaya. Nilipandisha sauti, nikiamini wanatafuta hela ya kipimo. Baadaye wakasema ni moyo, na huku kipimo cha kwanza walisema hakijaonyesha kitu. Tumbo linakuwaje moyo? – Kijana wa Temeke*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Waliompokea baba yako walifanya kazi nzuri, na nitakueleza kwa nini.

Upande wa chini wa moyo umelalia kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Habari za maumivu kutoka moyoni na kutoka tumbo la juu husafiri kwa neva zinazokutana kwenye uti wa mgongo, na ubongo hauna njia nzuri ya kuzitofautisha. Ndiyo maana mshtuko wa moyo unaweza kuja kama kiungulia, kama gesi, kama kichefuchefu. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi ni zaidi, kwa sababu neva zake zimeshadhoofika. Wengine hawasikii maumivu kabisa, wanachoka ghafla na kukosa pumzi tu. Wanawake nao mara nyingi huja hivyo, bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona kwenye sinema, na wengi wameambiwa ni wasiwasi.

Kilichowashtua pale mapokezi ni jasho. Mzee wa umri huo, mwenye kisukari, tumbo la juu linauma, naye amelowa: hapo hakuna wa kusubiri foleni. Miongozo inataka kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Shati lilivuliwa haraka kwa sababu hiyo.

Sasa kile kipimo cha kwanza. ECG inarekodi sekunde 10 za moyo. Ikiwa mshipa unaziba na kuachia, au ndio kwanza unaanza kuziba, sekunde hizo 10 zinaweza kuonekana safi. Maumivu yakiendelea, tunarudia baada ya dakika 15 hadi 30, na tunarudia tena. Damu nayo huchukuliwa kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukijeruhiwa. Inachukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo damu ya saa ya kwanza ikitoka safi haimalizi shauri. Huchukuliwa nyingine baadaye. Mgonjwa anayekataa kusubiri hiyo ya pili ndiye anayenikosesha usingizi nikishatoka zamu.

Na ile nafuu aliyoipata kwa dawa ya vidonda isiwadanganye tena. Wapo wenye mshtuko wa moyo wanaopata nafuu kwa dawa hiyo, na wapo wenye vidonda wasioipata. Mimi sipimi moyo kwa dawa ya gesi. Nauliza maumivu yalianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, yanapanda tayani au yanashuka mkononi, na wiki zilizopita alikuwa akipanda ngazi au kilima anahisije. Mwana anayejibu “amekuwa akisimama njiani kupumzika tangu mwezi jana” amenipa habari ambayo mashine haiwezi kunipa.

Wengi mmeniuliza kuhusu aspirini. Ni kweli, mtu mwenye mshtuko wa moyo hutafuna miligramu 300 na huokoa maisha. Lakini aliyetapika damu au anayepata choo cheusi, na yule ambaye maumivu yanamchana kifuani hadi mgongoni ghafla, anaweza kudhurika nayo, na baba yako mwenye vidonda anaingia kwenye watu wa kuulizwa kwanza. Kinachonitia hofu zaidi ni sindano ya diklofenaki ya duka la dawa. Ni mbaya kwa vidonda na ni mbaya kwa moyo uliojeruhiwa, na inatuliza maumivu kiasi cha kutosha kumfanya mtu alale nyumbani wakati msuli wa moyo unakufa. Tafadhali, maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja na jasho yasipitie dukani.

Walisema hana malaria, mtaani wakasema taifodi

*Daktari, mwanangu wa miaka miwili na nusu alishikwa na homa kali siku mbili. Hospitalini walimtoboa kidole wakasema hana malaria. Wakamsikiliza kifua, wakamwangalia masikio na koo, wakampa panado na ORS, wakasema ni virusi, turudi akizidiwa. Nilijiona nimefukuzwa. Nikaenda maabara ya mtaani, wakapata taifodi na mkojo mchafu, nikauziwa dawa za vyote viwili. Nani mkweli? – Mama wa Mbagala*

Dada yangu, hili ndilo swali lililokuja kwa wingi kuliko yote, na nitakaa nalo.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapahapa Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 1,005 wenye homa, wote chini ya miaka 10, walichunguzwa kwa kina kuliko hospitali yoyote inavyoweza kufanya kila siku. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani mafua, koo na kifua, walikuwa asilimia 62. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Taifodi ilikuwa asilimia 3.7, na maambukizi ya mkojo asilimia 5.9. Utafiti mwingine, wa wagonjwa waliolazwa kwa homa Moshi, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria na madaktari, lakini waliokuwa na malaria kweli hawakufika 2 katika 100. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, baadhi yao yanayotoka kwa mifugo na panya, na dawa ya malaria isingewasaidia kitu.

Kwa hiyo aliposema “hana malaria”, hakusema mtoto haumwi. Alikuwa amefuta ugonjwa mmoja unaoua, akaendelea na mingine. Kumsikiliza kifua kulikuwa ni kutafuta nimonia. Masikio na koo, vivyo hivyo. Na naamini kabla hata hajamgusa alishamtazama: anamwangalia mama, anasukuma mkono wa daktari, analia kwa machozi? Mtoto anayepigana na daktari ana nguvu. Yule anayelala begani hajali anachofanyiwa ndiye ninayemkimbilia, hata kama homa yake ni ndogo.

Kuhusu kile kipimo cha haraka cha malaria: kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Mtoto aliyemaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita anaweza kutoka chanya bila malaria, na ugonjwa halisi ukapita kimya nyuma ya jibu hilo. Kikitoka hasi, mara nyingi kinaaminika, ila homa ikifika siku ya tatu kirudiwe.

Sasa taifodi ya maabara ya mtaani. Karibu hakika walitumia kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896. Kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na katika mji kama wetu watu wengi wanayo kinga hiyo kwa maambukizi ya zamani au ya vimelea vingine vinavyofanana. Kukipima mara moja tu na kuanza dawa ni kubahatisha. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, na majibu yake huchukua siku. Mkojo nao: ukikingwa kwenye kopo lililosuuzwa tu, baada ya mtoto kukaa kwenye nepi, utakuwa na seli na bakteria za ngozi. Sisemi mkojo usipimwe. Mtoto mdogo mwenye homa isiyo na chanzo lazima apimwe, lakini uwe mkojo wa katikati, ule wa mwanzo ukishapita, uliokingwa baada ya kumsafisha. Hizi dawa mbili ulizouziwa zinamharisha mtoto bila faida, na zinawafundisha bakteria wa mtaa mzima kuzizoea.

Pale nisipokubaliana na daktari wako ni kwenye neno “akizidiwa”. Mama hawezi kwenda nyumbani na neno hilo peke yake. Alipaswa kukwambia hivi: mrudishe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, shingo ikikakamaa, au akikaa muda mrefu bila kukojoa. Kata kipande hiki ukibandike ukutani. Na kama hakuna hata moja, lakini homa imefika siku ya tatu, mrudishe mchana.

Nilikwenda na tumbo, wakanipima mimba

*Nina miaka 26, nimewekewa kitanzi. Nilikwenda dharura na maumivu ya tumbo la chini upande wa kulia nikidhani ni apendeksi. Daktari akauliza mbele ya mama mkwe lini nilipata hedhi na kama ninashiriki na zaidi ya mtu mmoja, kisha akaagiza kipimo cha mimba, ingawa nilimweleza nina kitanzi. Niliona nimedhalilishwa. – Msomaji, Morogoro*

Ulidhalilishwa na swali kuulizwa mbele ya mama mkwe, na hilo halina utetezi. Ndugu wanaombwa watoke, pazia linavutwa, ndipo maswali hayo yanaulizwa, na unaelezwa kwanza yanaulizwa kwa nini. Mwanamke aliyezungukwa na ndugu atajibu kile ndugu wanachotaka kusikia, na jibu hilo linaweza kumuua. Ukitaka, andika malalamiko. Hospitali ina dawati la kuyapokea.

Kipimo chenyewe, mdogo wangu, kilikuwa sahihi, na ningekifanya hata kwa mwanamke anayeniapia. Kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa na anaumwa tumbo anahesabiwa ana mimba mpaka kipimo kiseme hana, kwa ajili ya hali moja: mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu inamwagikia tumboni na mwanamke anaweza kufa kabla hajafika meza ya upasuaji. Kitanzi kinazuia mimba vizuri sana. Lakini zile mimba chache zinazopenya mtu akiwa na kitanzi zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya kizazi, na hali ni hiyohiyo kwa aliyefungwa mirija.

Apendeksi nayo ina namna yake. Kwa wengi huanza kama maumivu yasiyoeleweka kuzunguka kitovu, hamu ya kula inakatika, kisha baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia. Maumivu ya mimba ya nje mara nyingi huja na kizunguzungu, kuzimia chooni, damu kidogo ukeni, na wakati mwingine maumivu juu ya bega, kwa sababu damu iliyomwagika inagusa kiwambo. Mwanamke anayeumwa tumbo na bega kwa pamoja, na amepauka, namwekea altrasaundi tumboni papo hapo kitandani huku wenzangu wakitafuta damu. Kipimo chako cha mimba kilitoka hasi. Ndipo daktari akaanza kufikiria apendeksi kwa utulivu.

Alikuja baada yetu, akaingia kwanza

*Tulikaa saa mbili na mama mwenye kidonda mguuni. Bodaboda akaleta kijana anayetembea mwenyewe, akaingizwa ndani. Ni kujuana? – Tandika*

Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kutembea hakumaanishi uzima. Hospitali nyingi za Afrika zinafuata mpangilio wa rangi uliotengenezwa Afrika Kusini kuanzia 2004: mwekundu anaonwa papo hapo, wa rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani ndani ya saa nne. Nesi huamua rangi kwa mapigo ya moyo, presha, pumzi, joto, fahamu, na kwa mambo mengine kama maumivu ya kifua au kuumwa na nyoka. Kijana mwenye pumu aliyeshindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi anatembea, na ni wa chungwa au mwekundu.

Haki yenu ni kuambiwa mama amepewa rangi gani, na kupimwa tena mkikaa sana. Akibadilika, akianza kuchanganyikiwa au kutetemeka, msiendelee kusubiri kwa adabu. Nendeni dirishani mseme: “Hayuko kama tulivyomleta.” Nesi yeyote anajua maana ya maneno hayo.

Nyumba nzima kichwa kinauma

*Tunaishi Makambako. Juni baridi ilikuwa kali, tukalala na jiko la mkaa chumbani. Alfajiri mimi, mume wangu na watoto wawili tuliamka vichwa vinagonga, mdogo anatapika. Zahanati wakatupa dawa ya malaria. Hali ilirudi wiki iliyofuata, tukaenda hospitali, daktari akauliza swali moja tu kuhusu jiko akatuweka wote kwenye oksijeni. Alijuaje? Na mbona kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma 98? – Mama wawili*

Alijua kwa sababu mlikuja wengi. Malaria haiwaamshi watu wanne alfajiri moja. Wagonjwa wa nyumba moja wakianza pamoja, na nafuu ikija wakitoka nje, tunatafuta kile walichokula au walichovuta. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hunata kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Swali lako la kidude cha kidoleni ni zuri, na natamani kila zahanati ilisome. Kifaa kile hutazama rangi ya damu. Damu iliyobeba sumu hii ni nyekundu kwake sawa na iliyobeba oksijeni, kwa hiyo kinasoma 98 mtu akiwa anakosa hewa. Hapa namba inadanganya na historia inasema kweli. Tiba ni oksijeni nyingi kwa barakoa: mwili ukiachwa na hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu, na kwa oksijeni hiyo ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mama mjamzito huongezewa muda, kwa sababu mtoto tumboni huachana nayo polepole zaidi.

Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata likiwa makaa yamefunikwa na majivu. Kufungua dirisha nusu hakutoshi.

Kwa kichwa cha kawaida, kisicho cha jiko, njooni mara moja kama kimefika kilele chake ndani ya dakika moja na ni kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kama kina homa na shingo ngumu. Kama mjamzito wa miezi mitano au zaidi anaona giza au nyota. Au kama mtu anayeishi na VVU ameumwa kichwa wiki nzima na kinazidi.

Ilikuwa kiharusi au sukari?

*Asalaam aleikum daktari. Nyanya yetu ana miaka 74, anameza tembe za sukari. Ramadhani hii alikataa kuacha kufunga. Magharibi ikikaribia tukaona mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Jirani akasema ni upepo, aitwe mtu amsomee. Mjomba akasema hospitali. Wakamtoboa kidole, wakamtia sukari kwenye mshipa, na muda si muda akatutambua na mkono ukainuka. Bado wakamlaza mpaka kesho yake. – Mjukuu, Mombasa*

Waleikum salaam, na mpe nyanya shikamoo yangu. Mjomba wako alifanya la maana. Kisomo simzuii mtu. Asomewe ndani ya gari, safari ikiendelea.

Sukari ikishuka sana, sehemu ya ubongo inaweza kuzimika na mtu akaonekana amepigwa na kiharusi upande mmoja, hivyohivyo alivyokuwa nyanya. Ndiyo sababu hakuna mgonjwa wa kiharusi anayepelekwa kwenye picha ya ubongo, CT skani, kabla hajatobolewa kidole kupimwa sukari. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni sukari ya kushuka. Chini ya 3.0 ni hatari. Walimlaza kwa sababu baadhi ya tembe za sukari, glibenklamaidi hasa, hufanya kazi mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zimechoka sukari huweza kushuka tena usiku akiwa amelala na hakuna anayemwona.

Ingekuwa kiharusi chenyewe, swali la kwanza lingekuwa: mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi? Si saa mlipomkuta. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mahali ilipo, ina mwisho wa saa nne na nusu, kuhesabu tangu alipoonekana mzima. Msimpe tembe ya presha ya jirani njiani, kwani presha kuporomoka ghafla hunyima ubongo damu. Na asiyemeza vizuri asinyweshwe maji ya sukari, alazwe ubavu.

Kabla ya Ramadhani ijayo aonwe na daktari wake, dawa zipangwe upya. Kutoboa kidole kupima hakuharibu saumu kwa rai ya wanazuoni wengi. Ikisoma chini ya 3.9, afungue.

Sina mashine

*Mimi ni tabibu wa kituo cha afya mkoani Kigoma. Wagonjwa wangu ni homa, tumbo, kifua kubana. Sina eksirei, vipimo vya damu ni vichache. Nafanyaje nisimpitishe mgonjwa mahututi? – Tabibu*

Mwenzangu, nilifundishwa kazi hii na sista mmoja mzee aliyekuwa na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na hakuna mashine niliyoitumia baadaye iliyonisaidia kuliko saa ile. Alihesabu pumzi dakika nzima, kila mgonjwa. Wengi tunaandika 20 bila kuhesabu. Pumzi hubadilika mapema, mara nyingi kabla presha haijashuka.

Tafuta mafunzo ya huduma ya msingi ya dharura yaliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Yaliandikwa kwa ajili ya vituo kama chako. Mpangilio ni uleule kwa kila mgonjwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mfunue mwili mzima utazame. Ukikuta tatizo, unalitibu hapohapo kabla ya kusonga mbele. Asiye na fahamu kamili, anayepata degedege au mtoto aliyelegea, mpime sukari kabla ya jambo jingine.

Nikupe mgonjwa mmoja wa kumkumbuka, kwa sababu anapotea sana huku kwetu. Mtoto wa miaka 9 analetwa na homa kwa maelezo ya mama, tumbo linauma, anatapika, anapumua haraka. Ataandikiwa malaria kali au nimonia. Wewe sikiliza mapafu: ni safi, hewa inaingia pande zote. Tazama pumzi: ni ya haraka na ya kina, haina kukwama. Muulize mama kama anakunywa maji sana, kama amekonda, kama ameanza kukojoa kitandani baada ya kuacha miaka mingi. Hicho ni kisukari ambacho hakijagunduliwa, na damu imejaa asidi. Kidole kimoja na kijiti cha mkojo vinatosha kukijua. Muanzishie maji ya chumvi ya mshipa taratibu, mililita 10 kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza, insulini isitangulie maji, na upige simu hospitali ya mkoa kabla gari halijaondoka.

Kwenye rufaa, andika ulichokiona na saa uliyokiona, na kila dawa uliyotoa kwa kiasi chake. Usiandike “malaria kali” kama kipimo kilitoka hasi, kwa maana zamu iliyochoka ikilipokea jina hilo saa nane usiku inaweza kulibeba hadi asubuhi. Andika: “Anapumua mara 44 kwa dakika, mapafu safi, kiu kali wiki tatu, sukari haijapimwa, vijiti vimeisha.” Daktari anayempokea ataandaa kipima sukari na dripu kabla gari halijafika getini.